Fremu ya chuma ya Kiitaliano iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtu: nisome vipi kazi ya fundi wake?

Mwalimu wa Jinja ameuliza:

Ndugu zangu wapenda baiskeli, nawasalimu.

Mwezi uliopita nilinunua fremu ya baiskeli ya mashindano pamoja na uma wake wa mbele, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kampala anayeuza vitu vilivyotumika vinavyoletwa kwa kontena kutoka Ulaya. Haikuwa na magurudumu, kranki wala usukani. Mtu fulani alikuwa ameipaka rangi ya buluu kwa brashi, rangi ile ile tunayopaka milango ya chuma, na mfanyabiashara alikuwa ameitupa katika rundo la baiskeli za watoto. Kilichonisimamisha ni makucha yanayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma: neno Campagnolo, jina la kampuni ya Italia ya vipuri vya baiskeli, lilikuwa limegongwa ndani ya chuma chenyewe, na ile buluu haikuweza kulifunika. Nililipa alichotaka bila kubishana naye sana, nikaifunga juu ya teksi ya abiria, nikarudi nayo Jinja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiondoa rangi kidogo kidogo kila jioni nitokapo shuleni. Chini ya buluu kuna nyekundu iliyoiva, na chini ya nyekundu, kwenye soketi, yaani vile vikombe vya chuma vinavyopokea ncha za mabomba na kuyaunganisha, kuna kromu ambayo bado inang'aa. Kingo za soketi hizo zimepunguzwa kwa tupa hadi zikawa nyembamba kama ukucha, na kila moja inaishia kwa ncha ndefu inayolala juu ya bomba kama ncha ya jani la mwembe. Nimepitisha kidole mara nyingi nikitafuta mahali ambapo ncha imeinuka, sijapaona. Mimi nimekulia kwenye baiskeli nzito za mizigo, maanyi ga kifuba kama Waganda wanavyoziita, zile zinazopandisha matoke na madumu ya maziwa mlimani. Ninaziheshimu hadi leo, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kiungo cha fremu kinaweza kufanyiwa kazi ya namna hii, tena mahali ambapo macho ya watu wengi hayafiki.

Nimeipima kwa utepe wa fundi cherehani. Bomba la kiti, kutoka katikati ya nyumba ya kranki, yaani bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali, hadi mahali ambapo mstari wa katikati wa bomba la juu unalikuta, lina sentimita 57, na bomba la juu lina sentimita 55. Chini ya nyumba ya kranki imegongwa namba 57 kwa mkono, tarakimu moja ikiwa imeinama kidogo kuliko mwenzake. Jina la mtengenezaji sijaliona popote.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Fundi mmoja wa hapa mjini alijaribu kufunga kikombe cha beringi cha kawaida kwenye nyumba ya kranki, kikaingia bila kuzungushwa na kikatoka bila kuzungushwa. Akaniambia kwamba nyuzi, yaani mistari ya skrubu iliyokatwa ndani yake, zimeliwa, na kwamba dawa yake ni kuchomelea pete ya chuma ndani, au kuzungushia kikombe bati la kopo ili kibane. Nilimwomba anisubiri. Je, ni kweli kwamba fremu hii imekufa mahali hapo? Na hata kama imekufa, nifundisheni kuisoma, kwa sababu ninaona kwamba kila mahali ninapogusa kuna uamuzi wa mtu, ila sijui uamuzi huo ulikuwa ni upi.

Fundi wa Ndeeba amejibu:

Mwalimu, usikubali moto wowote uisogelee nyumba hiyo ya kranki. Nyuzi zako hazijaliwa. Ulichokieleza, kwamba kikombe kinaingia na kutoka bila kuzungushwa, ndicho kinachotokea kila mara mtu anapojaribu kikombe cha Kiingereza kwenye fremu ya Kiitaliano, na nimeona fremu mbili nzuri zikiharibiwa kwa kosa hilo hilo la kuchomelea.

Chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma milimita, usitumie utepe, upime upana wa nyumba hiyo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukipata milimita 68, ni ya Kiingereza. Ukipata milimita 70, ni ya Kiitaliano. Kipenyo cha nyuzi za Kiingereza ni inchi 1.370, ambayo ni karibu milimita 34.8, na cha Kiitaliano ni milimita 36 kamili. Hatua ya nyuzi ni ile ile kwa zote mbili, nyuzi 24 kwa inchi. Waitaliano walichukua kipenyo cha milimita wakakifungisha ndoa na hatua ya inchi, na ndoa hiyo imedumu. Tofauti ya milimita moja na kidogo inatosha kabisa kukifanya kikombe cha Kiingereza kitumbukie.

Kuna tofauti nyingine inayopaswa kukaa kichwani mwako siku zote. Katika mfumo wa Kiingereza, kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Katika mfumo wa Kiitaliano, vikombe vyote viwili hufungwa kwa kuzungushwa kulia. Sasa fikiria: mwendeshaji anapokanyaga, ekseli ya upande wa kulia inazunguka kama akrabu za saa, na uzito wake unatembea kuzunguka ndani ya kikombe, ukikisukuma kikombe polepole kwa upande wa kinyume. Kwa nyuzi za Kiingereza msukumo huo unakikaza kikombe cha kulia. Kwa nyuzi za Kiitaliano unakilegeza. Ndiyo maana fremu hizi zina sifa ya kulegea upande wa kulia, na ndiyo maana fundi aliyezizoea huosha nyuzi kwa petroli hadi zisiwe na chembe ya mafuta, hupaka gundi ya nyuzi upande huo, hukaza kwa ufunguo mrefu na kwa mwili wote, kisha humwambia mwenye baiskeli arudi baada ya kilomita 100 ili kikaguliwe tena. Beringi za kipimo hicho zinapatikana kwa kuagiza; Campagnolo wanazitengeneza, na hata Shimano wametengeneza zao zenye nyuzi za Kiitaliano.

Naomba uelewe pia kwa nini nimeshtuka. Nyumba ya Kiingereza ikiharibika kweli, bado kuna njia nzuri: unaikata upya kwa tapu, yaani kifaa cha kukatia nyuzi, ya Kiitaliano, kwa kuwa ni kubwa zaidi, na fremu inaendelea kuishi. Ya Kiitaliano ikiharibika hakuna kipimo kikubwa zaidi cha kukimbilia kwa urahisi. Hiyo ni nafasi ya mwisho, iheshimu.

Ukiwa na kalipa mkononi, pima pia nafasi kati ya makucha ya nyuma. Fremu za gia sita au saba zina milimita 126, na za gia nane na kuendelea zina milimita 130. Chuma kinaruhusu kupanuliwa kutoka 126 hadi 130, milimita mbili kila upande, lakini lazima baadaye makucha yenyewe yarudishwe yawe sambamba, la sivyo utavunja ekseli. Kabla ya yote hayo, funga uzi kwenye kucha la kulia, uuzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe kwenye kucha la kushoto ukiwa umekazwa, halafu pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti kwa kila upande. Umbali ukiwa sawa, fremu yako imenyooka. Mimi hufanya hivyo kwa kila fremu ya chuma inayoingia kwangu, hata ikiwa imetoka mikononi mwa bingwa gani.

Dada wa Vyuma, Mukono, amejibu:

Kaka Mwalimu, Fundi amekuokolea fremu. Mimi naomba nikusaidie kuisoma, kwa sababu nimefundisha kulehemu kwa miaka mingi na sijui kazi nyingine ya moto inayosema ukweli kama hii.

Anza ndani. Toa uma wa mbele, elekeza bomba lake la usukani kwenye mwanga, uchungulie kutoka chini. Ukiona matuta matano yanayopanda kwa kujizungusha kama ngazi ya mnara, basi ni bomba la Columbus, kampuni ya Italia ya mabomba ya baiskeli. Angalia pia kama kuna njiwa mdogo aliyegongwa kwenye bomba hilo. Kampuni hiyo ilianzishwa Milano mwaka 1919 na Angelo Luigi Colombo, na jina la ukoo wake kwa Kiitaliano ni njiwa, ndiyo maana ndege huyo yuko kwenye nembo. Kisha chungulia kupitia nyumba ya kranki, uangalie mwanzo wa bomba la chini na bomba la kiti. Matuta ya namna hiyo yakiwepo na huko, una mabomba ya Columbus ya aina ya SLX. Yasipokuwepo, yaelekea ni aina ya SL au SP. Kinachotofautisha hizo mbili ni unene: SL ina milimita 0.9 kwenye miisho na 0.6 katikati, SP ina milimita 1.0 kwenye miisho na 0.7 katikati, na ilikusudiwa fremu kubwa au waendeshaji wazito. Kwa kuwa kipenyo cha nje cha bomba la kiti ni kile kile, milimita 28.6, unaweza kuzitambua kwa nguzo ya kiti inayoingia: milimita 27.2 kwa kawaida ni ya SL, milimita 27.0 inakuelekeza kwenye SP.

Naomba usipite haraka kwenye hiyo 0.6. Ni unene wa kadi chache za simu zilizopangwa pamoja... hapana, ni chini ya hapo. Kadi moja ya benki ina milimita 0.76. Kwa hiyo katikati ya mabomba hayo, mahali ambapo unaweka mkono unapoibeba baiskeli, chuma ni chembamba kuliko kadi ya benki. Miisho imeachwa minene kwa sababu huko ndiko moto utakakopita na huko ndiko nguvu zinakokusanyika. Fundi anayeunda fremu kwa kipimo cha mtu lazima aamue akate bomba upande gani na kiasi gani, ili sehemu nene ibaki pale inapohitajika. Akikosea, anaiunganisha soketi kwenye sehemu nyembamba, na fremu itapasuka hapo baada ya miaka michache.

Moto wenyewe. Soketi haichomelewi. Inalehemiwa: bomba na soketi vinapashwa joto hadi shaba ya njano, karibu nyuzi joto 900, au aloi ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu hadi 700, inyonywe yenyewe ndani ya mwanya usiozidi sehemu ndogo ya milimita. Chuma cha bomba hakiyeyuki hata kidogo. Fundi anaiweka shaba upande mmoja wa soketi na kuivuta kwa moto ijitokeze upande wa pili, na ile mistari myembamba inayotokea ukingoni ndiyo ushahidi kwamba imejaa ndani. Soketi yako ikiwa na tundu la pambo, kama karata ya maua ya Colnago au moyo wa De Rosa, watengenezaji mashuhuri wa Italia, angalia kingo za tundu hilo: ni dirisha la kuangalia kazi. Na kule kupunguza kingo kwa tupa ulikokugusa hakukuwa pambo tupu. Soketi nene inayoishia ghafla huifanya nguvu yote isimame kwenye mstari mmoja wa bomba. Soketi inayokonda hadi ncha huipokea nguvu kidogo kidogo. Uzuri ulioushika kwa kidole ni hesabu iliyofanywa vizuri.

Ila nisikufanye uamini kwamba bila soketi hakuna ustadi. Dario Pegoretti, aliyejifunza Verona katika karakana ya Luigino Milani na kufariki mwaka 2018, alikuwa miongoni mwa Waitaliano wa kwanza kuunda fremu za chuma kwa kuchomelea kwa umeme na gesi, bila soketi kabisa, na fremu zake zinatafutwa kote duniani. Kuchomelea kulimpa uhuru wa kutumia mabomba ya kipenyo chochote na pembe yoyote. Aloi zote za chuma, ghali na rahisi, zina ukakamavu karibu ule ule. Zinatofautiana kwa nguvu ya kustahimili kabla ya kupinda au kupasuka. Aloi yenye nguvu zaidi humruhusu fundi apunguze unene na apanue kipenyo, na kipenyo ndicho kinachobadilisha tabia ya baiskeli kuliko kitu kingine. Ndiyo maana fremu ya zamani kama yako, yenye bomba la juu la milimita 25.4, hunepa kidogo chini ya mwendeshaji mzito anapopanda mlima, na baadhi yetu tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee wa Tororo amejibu:

Mwanangu Mwalimu, wenzangu wamesema kuhusu nyuzi na moto, nami nitasema kuhusu mtu, kwa kuwa fremu ya kipimo ni mavazi, na nimebahatika kushonewa moja.

Nilikuwa mwanafunzi Padova, Italia, katika miaka ya 1980, na nikaweka akiba kwa muda mrefu ili niagize fremu katika karakana moja ndogo ya nje ya mji. Nilidhani nitachagua rangi na kuondoka. Mzee mwenye karakana alinisimamisha bila viatu ukutani, akanipima urefu wa ndani wa mguu, paja, kiwiliwili, mkono kutoka bega hadi ngumi, upana wa mabega, na hata urefu wa unyayo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: nitaiendesha wapi? Nikamwambia ukweli, kwamba nitarudi nayo nyumbani, na kwamba barabara niipendayo ni ile ya kutoka Tororo kwenda Mbale, yenye Mlima Elgon mbele yako na mashimo chini yako. Akafuta namba mbili alizokuwa ameandika. Mabomba yanayokwenda nyuma kutoka kwenye kranki akayarefusha kutoka sentimita 41 hadi 42, na daraja la breki akalipandisha ili tairi la milimita 28 lipite na matope yake. Sentimita moja tu, lakini baada ya saa tatu juu ya kiti ninaijua vizuri ilipo.

Sasa itazame yako. Kwanza, umeipima kama Waitaliano wanavyopima, katikati hadi katikati, na hilo ni jema, kwa maana wengine hupima hadi juu ya bomba na hupata sentimita moja na nusu zaidi, wakanunua fremu isiyowafaa. Desturi ya fremu za wakati ule katika vipimo vya kati ilikuwa bomba la kiti na bomba la juu kukaribiana sana. Yako ina 57 kwa 55. Yaelekea aliyeiagiza alikuwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, au alitaka kukaa wima zaidi kuliko wenzake. Hukumjua, hutamjua, lakini umbo lake limebaki hapo.

Usihangaike sana na jina. Karakana nyingi ndogo za Italia zilitengeneza fremu kwa niaba ya majina makubwa. Pegoretti mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Fremu isiyo na jina huenda ilitoka kwenye meza ile ile ya fremu yenye jina. Vilevile majina makubwa yalikuwa karakana ndogo siku yalipoanza: Ernesto Colnago alianzia Cambiago, kijiji cha nje ya Milano, na kutoka kwenye mikono yake ilitoka baiskeli ambayo bingwa wa mbio Eddy Merckx aliendeshea kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico mwaka 1972, baiskeli ya chuma yenye uzito wa kilo tano na robo tatu tu. Faliero Masi alikuwa na karakana chini ya uwanja wa mbio za baiskeli wa Vigorelli, Milano. Ugo De Rosa alimtengenezea Merckx huyo huyo baadaye. Wote hao walimpima mtu kwanza.

Nina ombi moja juu ya rangi, na ninaliomba kwa uchungu. Miaka kumi iliyopita niliipeleka fremu yangu kwa mpiga rangi wa magari, akaisafisha kwa mchanga wa shinikizo la juu kabla sijamweleza chochote. Herufi zilizochongwa juu ya mabomba ya nyuma, pale yanapokutana na soketi ya kiti, zilibaki kivuli, na kingo za soketi zikawa butu kama sabuni iliyotumika. Mkono uliozipiga tupa ulikuwa umefanya kazi ya siku kadhaa; mashine ilihitaji dakika chache. Endelea na dawa ya kuondolea rangi na kitambaa, jioni kwa jioni. Kromu usiivue wala usiipake upya, kwa sababu kuivua kwa asidi kunaweza kuacha unyevu wa asidi ndani ya mabomba.

Mwalimu wa Jinja amejibu:

Mzee wangu, Dada, Fundi, nimeyafanya yote na ninaandika mikono yangu ikiwa bado na grisi.

Upana wa nyumba ya kranki ni milimita 70. Nilipousoma kwenye kalipa niliipima tena mara tatu, kisha nikampelekea fundi wetu wa hapa, naye aliposikia habari ya nyuzi za milimita 36 aliichukua kalipa akapima mwenyewe, akaniomba nimwandikie namba hizo kwenye ukuta wa kibanda chake. Ni mtu mwema na mwenye kutaka kujua. Hakuwahi kuletewa fremu ya namna hii.

Bomba la usukani lina matuta matano, na njiwa yupo, amefutika nusu lakini bawa lake linaonekana. Ndani ya nyumba ya kranki hakuna matuta. Nguzo ya kiti ya milimita 27.2 niliyoazimwa iliingia kwa kuteleza taratibu bila kucheza, kwa hiyo nimeandika SL kwenye daftari langu. Makucha ya nyuma yana milimita 126, na kipimo cha uzi alichonifundisha Fundi kimeonyesha tofauti isiyofika milimita moja kati ya kulia na kushoto.

Urefu wa ndani wa mguu wangu ni sentimita 86, na nikiuzidisha kwa 0.883, kama wengi wanavyofanya, kiti kinapaswa kukaa karibu sentimita 76 kutoka katikati ya kranki. Kwa bomba la kiti la 57 hilo linawezekana bila taabu. Kiwiliwili changu ndicho kirefu kuliko cha mwenye fremu wa kwanza, na nafikiri shingo ya usukani ya sentimita 12 badala ya 11 itanipa nafasi ya kupumua bila kuigusa fremu yenyewe. Nimeamua pia kubaki na 126 na gia saba, kwa kuwa sioni sababu ya kuinyoosha kwa ajili ya gia moja zaidi wakati kutoka hapa hadi msitu wa Mabira milima ni ya wastani.

Swali langu la mwisho ni kuhusu kutu. Nyumba yangu iko karibu na ziwa, na mvua za mwezi wa nne haziko mbali. Nimeona unga wa kahawia ukidondoka kutoka kwenye bomba la kiti nilipoipindua fremu.

Fundi wa Ndeeba amejibu:

Unga usikutishe, unautoa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya mrefu. Kinachotisha ni rangi inayoinuka kama lengelenge kwa nje, hasa chini ya nyumba ya kranki na kwenye mabomba ya nyuma karibu na daraja la gurudumu. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, na chuma kikibonyea, unipigie kabla ya kufanya lolote. Kikiwa kigumu, tafuta mafuta ya kitani, yale ambayo wachoraji hutumia, uyamimine kidogo ndani ya kila bomba kupitia matundu ya hewa, uigeuze fremu pande zote, uiache ikining'inia kivulini hadi yakauke na kuwa ngozi. Nguzo ya kiti ipakwe grisi kila baada ya miezi mitatu, kwa maana alumini ndani ya chuma katika hewa ya ziwa hushikana hadi haitoki tena.

Tapu ya Kiitaliano ninayo moja, niliinunua zamani na siiazimi. Njoo nayo fremu Jumamosi, pamoja na uma wake. Nitapitisha tapu kwa mkono bila kukata chuma, kusafisha rangi iliyobaki kwenye nyuzi tu, na wewe ndiye utakayeishika upande wa pili.